Rangi ya uso wa saa: Inavyotofautisha saa halisi na ya bandia

SAA ya kifahari inapouzwa nje ya duka la wakala, kitu cha kwanza ambacho mnunuzi hukitazama ni uso wake. Hana kifaa cha kuifungulia, hana fundi wa kumshauri na mara nyingi hana muda. Ana macho yake tu, na macho hayo huona rangi kabla hayajasoma jina la kampuni.

Hali hiyo humkuta mkazi wa Dar es Salaam sawa na yule wa Usevya, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi. Tofauti yao ni umbali wa msaada. Aliye Kariakoo anaweza kwenda kwa fundi wa pili na wa tatu siku hiyo hiyo. Aliye Usevya hutegemea picha iliyotumwa kwa simu, au saa iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai, na kufika Mpanda, makao makuu ya mkoa, humlazimu kusafiri kwa barabara inayokatisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Fedha anazoombwa huenda ni mauzo ya mpunga wa msimu mzima, au ni mkopo ambao saa hiyo imewekwa kuwa rehani yake.

Je, rangi ya uso wa saa inaweza kumwambia ukweli? Inaweza, lakini kwa upande mmoja. Rangi isiyo sahihi inatosha kuikataa saa. Rangi iliyo sahihi haitoshi kuithibitisha. Wanaopoteza fedha zao ni wale wanaochukua nusu ya pili kama vile ni sawa na ya kwanza.

Uso wa saa unavyotengenezwa

Uso wa saa nyingi za kifahari ni bamba la duara, aghalabu la shaba ya manjano, lenye unene usiofika milimita moja. Bamba hilo hung'arishwa au huchorwa mistari, kisha hutiwa rangi kwa njia mojawapo kati ya kadhaa.

Njia ya kwanza ni kulitumbukiza bamba katika maji yenye chumvi za metali na kupitisha umeme. Metali huganda juu ya bamba kwa tabaka jembamba mno, na rangi inayopatikana hutegemea muda, joto na nguvu ya umeme. Sekunde chache zikizidi, buluu hugeuka na kuwa nyingine.

Njia ya pili ni vanishi yenye rangi, inayopulizwa tabaka baada ya tabaka, ikakaushwa na kusuguliwa. Njia ya tatu ni kuigeuza metali kuwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa, mvuke huo ukaganda juu ya bamba. Viwanda vinaipenda kwa sababu hutoa rangi inayolingana kutoka bamba moja hadi jingine. Ya nne, iliyo kongwe na ghali, ni enameli: unga wa kioo huyeyushwa juu ya bamba ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi.

Baada ya rangi, maandishi huchapwa kwa kidoto laini cha mpira wa silikoni, na alama za saa hupachikwa moja moja.

Kabla ya yote hayo, nyuso nyingi huchorwa mistari myembamba inayotoka katikati kama miale ya jua. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya uso uonekane mweusi upande mmoja na kijani upande mwingine mkono unapogeuzwa. Kwa hiyo kinachoitwa rangi ya saa ni matokeo ya mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: rangi yenyewe na umbile la metali iliyo chini yake.

Kwa nini mwigaji hukosea

Mwenye kiwanda cha saa ghushi hana kanuni ya rangi ya kampuni husika. Huanza na picha au na saa moja aliyoinunua, kisha hutafuta rangi inayokaribia. Akiipata rangi lakini akakosea kina cha mistari, uso wake huonekana sawa ukitazamwa kutoka mbele na kupishana ukiinamishwa. Akipunguza tabaka za vanishi ili kuokoa gharama, rangi hukosa kina.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Rolex Submariner namba 116610LV, iliyotolewa mwaka 2010 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2020. Uso wake wa kijani una miale ya jua: kivulini hukaribia weusi na juani huwaka. Nakala duni zake hubaki na kijani kimoja kila upande, mithili ya rangi ya mlango.

Mfano wa pili ni Royal Oak ya Audemars Piguet, iliyobuniwa na Gérald Genta na kutoka mwaka 1972. Buluu yake ya usiku ilipatikana katika karakana ya Stern mjini Geneva kwa umeme na maji ya chumvi, kisha uso ukafunikwa kwa vanishi iliyotiwa matone machache ya rangi nyeusi namba 50. Jina la rangi hiyo kwa Kifaransa, Bleu Nuit, Nuage 50, linatokana na wingu linaloonekana matone hayo yanapotawanyika. Uso huo pia una vijiraba vidogo vilivyochongwa, na kila kijiraba hurudisha mwanga kwa namna yake. Mwigaji anayetumia rangi bapa huweza kuupata ubuluu, lakini si mchezo wa mwanga kati ya vijiraba.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa kila nakala hujionyesha. Zipo zinazotengenezwa kwa kulinganishwa na saa halisi iliyowekwa mezani, na tofauti yake hubaki ndogo kuliko uwezo wa macho. Hapo ndipo rangi inapomaliza kazi yake, na vipimo vingine vinapaswa kuanza.

Rangi inapokuwa thamani yenyewe

Mwezi Desemba 2021, saa ya Patek Philippe Nautilus namba 5711 yenye uso wa rangi ya feruzi ya duka la vito la Tiffany ilinadiwa na Phillips mjini New York. Iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6.5 za Marekani, nayo ilikuwa miongoni mwa saa 170 tu zilizotengenezwa kwa rangi hiyo. Muundo wa saa ulikuwa ule ule wa matoleo mengine ya 5711. Kilichoongeza thamani kilikuwa uso na jina la pili lililochapwa juu yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Rolex ilikuwa imetoa saa za Oyster Perpetual zenye nyuso za vanishi za feruzi, manjano, nyekundu ya marijani, waridi na kijani. Baada ya mnada ule, feruzi ilitafutwa kila mahali, na soko likajaa nyuso zilizopakwa upya. Nyingine ziliwekwa ndani ya saa halisi za miaka ya nyuma ambazo kiwandani zilitoka zikiwa na uso mweusi au wa fedha.

Aina hiyo ndiyo inayowatatiza mafundi zaidi. Kasha ni halisi, mashine ni halisi, namba ya mfululizo ni halisi, lakini uso si wa kiwanda. Anayeifungua saa kwa nyuma na kuona mashine nzuri huridhika, kumbe sehemu iliyopandisha bei ndiyo ya bandia.

Afrika Mashariki inaifahamu sura ya bei nafuu ya jambo hilo. Saa za Seiko 5, aina iliyoanza mwaka 1963, hukusanywa zikiwa zimechoka, hukarabatiwa nchini India na kupakwa nyuso mpya za rangi kali ambazo Seiko haikupata kuzitengeneza. Wakusanyaji wameziita kwa jina la mji wa Mumbai. Mashine huwa ni ya Seiko kweli, na saa huweza kutembea vizuri. Lakini maandishi ya usoni huwa mazito, kingo zake hazinyooki, na rangi ya chungwa au zambarau inayong'aa haimo katika orodha yoyote ya kampuni. Anayeinunua kwa bei ya saa iliyochakaa hajaibiwa. Anayeinunua kwa bei ya saa adimu ameibiwa.

Saa halisi nazo hubadilika

Ugumu mwingine ni kwamba rangi ya saa halisi haidumu milele. Nyuso nyeusi za miaka ya 1950 na 1960 zimeonekana zikigeuka kahawia kwa jua na unyevu, na wakusanyaji huziita za kitropiki. Zilizogeuka kwa usawa hulipiwa zaidi ya zile zilizobaki nyeusi.

Rolex Daytona namba 16520, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1988 na 2000, ina kisa kinachofanana na hicho. Katika baadhi ya saa za katikati ya miaka ya 1990, pete za fedha zinazozunguka nyuso ndogo zimegeuka kahawia kwa sababu vanishi iliyozifunika haikuzuia hewa. Nyuso hizo zilipewa jina la mtaalamu wa minada Osvaldo Patrizzi. Asiyejua historia hiyo angeweza kuikataa saa halisi kwa kosa la kuwa na rangi isiyo ya kiwandani.

Aidha, mabadiliko hayo huigwa. Uso huanikwa juani, huokwa au hupakwa dawa ili uonekane mkongwe. Kinachosaidia hapo ni kuuliza kama sehemu zote za saa zimezeeka pamoja. Uso uliogeuka kahawia kwa miaka 50 ya jua, huku mishale yake ikiwa mipya na alama zake zikiwa nyeupe kama maziwa, una maelezo ya kutoa.

Dawa inayong'aa gizani hutoa ushahidi wa tarehe. Radiamu ilitumika hadi miaka ya 1960, ikafuatiwa na tritiamu hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha zikaja dawa zisizo na mnururisho zinazohitaji kupigwa mwanga kwanza. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kwa hiyo saa yenye herufi T chini ya namba sita, ambayo ni alama ya tritiamu, haitazamiwi kuwaka gizani kwa nguvu leo. Ikiwaka sana, alama zake zimepakwa upya au uso wote ni wa bandia. Rangi ya mng'ao nayo ina maana: tangu mwaka 2008 Rolex imekuwa ikitumia dawa inayong'aa buluu katika saa zake za michezo, moja baada ya nyingine, ilhali nakala nyingi huendelea kung'aa kijani.

Saa za jambia la Oman

Kisa kinachowagusa zaidi wasomaji wenye ndugu Muscat ni kile cha saa zenye nembo ya jambia la Kiomani, yaani khanjar. Sultani Qaboos bin Said aliyetawala Oman kuanzia mwaka 1970 hadi alipofariki dunia Januari 2020 alijulikana kwa kutoa saa za Rolex kwa maofisa, wanajeshi na wageni. Nyingi za miaka ya 1970 ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, na nembo ilichapwa usoni pale ambapo saa ya kawaida huwa na maandishi tu au nafasi tupu.

Saa hizo ni chache, na nembo hiyo ndogo huongeza bei mara nyingi zaidi. Haishangazi kwamba wapo wanaochukua uso wa kawaida wa wakati ule na kuchapa jambia juu yake. Familia nyingi za Zanzibar na Oman zina ndugu pande zote mbili, na saa husafiri kama zawadi na urithi. Mrithi anayeambiwa kuwa saa ya babu ni ya Sultani hana budi kuitazama kwa utulivu.

Wataalamu hutazama kama rangi ya nembo imefifia kwa kiasi kile kile cha maandishi mengine, kama wino umekaa juu ya vanishi ya zamani yenye mikwaruzo, na kama kingo za panga mbili zilizopishana katika nembo hiyo ni safi zinapotazamwa kwa lenzi. Hata hayo yakikubali, hutakiwa nyaraka: barua ya zawadi, stakabadhi, au historia ya aliyepewa inayolingana na namba ya saa.

Mwanga na picha za simu

Makosa mengi ya kulinganisha rangi hayatokani na saa, bali na mwanga. Rangi mbili zaweza kufanana kabisa chini ya taa ya umeme na kupishana juani, kwa kuwa zimetengenezwa kwa kemikali tofauti. Ndiyo maana viwanda hukagua rangi chini ya mwanga maalumu unaofanana na ule wa mchana, wenye kipimo cha kelvini 6,500 hivi.

Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, iliweka mwaka 1976 utaratibu wa kuieleza rangi kwa tarakimu tatu: weupe au weusi wake, uelekeo wake kati ya kijani na nyekundu, na uelekeo wake kati ya buluu na manjano. Umbali kati ya rangi mbili ukiwa chini ya moja, macho ya kawaida hayatambui tofauti. Lakini mashine ya kupimia huhitaji uso bapa usiobadilika. Uso wenye miale ya jua hutoa jibu jipya kila unapogeuzwa, na kioo cha saa huongeza rangi yake. Vioo vingi vilivyopakwa dawa ya kuzuia mng'aro huonekana na ubuluu au uzambarau, na Rolex Milgauss ya mwaka 2007 ilitoka na kioo chenye ukijani kwa makusudi.

Picha ya simu huharibu zaidi. Kamera hujirekebisha yenyewe, hivyo uso ule ule huweza kuwa buluu katika picha moja na kijivu katika nyingine. Kulinganisha picha ya muuzaji na picha ya tangazo la kampuni ni kulinganisha kamera mbili, wala si saa mbili.

Namna ya kulinganisha

Mnunuzi anaweza kufuata hatua zifuatazo kabla ya kutoa fedha:

Kwanza, ajue namba ya aina ya saa na mwaka wake, kisha ahakikishe kuwa kampuni ilipata kuitoa saa hiyo kwa rangi hiyo. Hatua hii haihitaji macho makali, na ndiyo inayozinasa nyuso nyingi zilizopakwa upya.

Pili, aitazame saa mchana, kivulini karibu na mlango, ikiwa juu ya karatasi nyeupe. Ukuta wa rangi au shati jekundu lililo karibu hubadili anachokiona.

Tatu, aiinamishe polepole pande zote, kisha aitoe juani. Rangi yenye miale hupita usoni kama feni. Isiyosogea ni ya kutiliwa shaka endapo aina hiyo ya saa inapaswa kuwa na miale.

Nne, atumie lenzi ya fundi saa yenye kukuza mara kumi. Maandishi ya kiwandani yana kingo zilizonyooka. Vumbi chini ya vanishi, rangi iliyomwagika kandokando ya alama za saa na herufi zilizovimba ni dalili mbaya.

Tano, alinganishe sehemu za saa zenyewe kwa zenyewe: weupe wa dirisha la tarehe, rangi ya dawa kwenye mishale na rangi ya dawa usoni. Kisha aiangalie gizani.

Sita, aliye mbali aombe picha mpya mbili, moja kivulini na moja juani, zote zikiwa na karatasi nyeupe ndani yake. Muuzaji anayekataa ombi hilo jepesi amekwisha kujibu.

Saba, saa ikivuka hatua zote hizo, ipelekwe kwa fundi aifungue, na kwa saa ya fedha nyingi ipelekwe kwa wakala aliyeidhinishwa. Gharama ya safari kutoka Usevya ni ndogo kuliko bei ya kosa.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, kutumia alama ya biashara ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inazitaja bidhaa bandia miongoni mwa zile zilizopigwa marufuku kuingizwa. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008.

Kwa hiyo muuzaji anayesema wazi kwamba saa yake ni kopi hajajitakasa, kwani kosa liko katika alama iliyobandikwa bila ridhaa ya mwenyewe. Naye mnunuzi aliyedanganywa anashauriwa kutunza stakabadhi, ujumbe wa simu na picha alizotumiwa, kwa kuwa bila ushahidi huo malalamiko yake hubaki maneno matupu.

Ukubwa wa biashara hiyo si wa kupuuzwa. Ripoti ya mwaka 2019 ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, pamoja na Ofisi ya Hakimiliki ya Umoja wa Ulaya ilikadiria kuwa bidhaa bandia zilifikia asilimia 3.3 ya biashara ya dunia mwaka 2016, sawa na dola bilioni 509. Saa ni miongoni mwa bidhaa zinazoigwa zaidi.

Mwenye kuazimu kununua basi aanze na rangi, kwa sababu haimgharimu kitu na huziondoa nakala duni mapema. Rangi ikikosea, mazungumzo yaishe. Ikikubali, bado kuna kasha, mashine, namba na nyaraka, na fedha zibaki mfukoni hadi hivyo vyote viwe vimesema neno moja.